Nani Anaubadilisha Mkia wa Kompyuta ya Mchoraji?

Jumamosi, 1 Juni

Kiwanda kitupu. Mashine za kuchapa zimezimwa, wachapaji wamekwenda makwao tangu saa saba. Nimebaki peke yangu na ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao. Furaha iliyoje!

Niandike kwa utaratibu. Ijumaa ijayo Mama Mkurugenzi atamtangaza Msimamizi wa Kompyuta. Cheo kipya kabisa. Kinakuja na chumba cha mwisho wa korido, chenye dirisha, mlango na ufunguo. Ufunguo tayari ninao, maana humo ndani imehifadhiwa mashine ya zamani ya kuchapa lebo, na ni mimi niliyeiunganisha na kompyuta yangu. Kwa sababu za kikazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa lebo ya mlangoni: MSIMAMIZI WA KOMPYUTA. Nimeshaibandika. Upande wa ndani, kwa sasa.

Washindani: mmoja. Karani wa Stoo. Dada mkimya, mwenye miwani, anayesoma vitabu vya maelekezo ya mashine kama wenzake wanavyosoma hadithi za mapenzi. Hanitishi hata kidogo. Wiki hii nimemwota mara mbili tu.

Kuna na jambo la kifamilia. Mama Mkwe anakuja kesho kukaa nasi wiki nzima. Miaka mitatu iliyopita, siku nilipokwenda kujitambulisha kwao, nilimwambia mimi ni Msimamizi wa Kompyuta. Ulimi uliteleza. Tangu hapo kila akipiga simu huuliza chumba changu cha kazi kikoje, nami humweleza. Mapazia ni ya kijani. Sasa anataka kukiona kwa macho yake, Ijumaa hiyohiyo. Nikikosa cheo nitakuwa mwongo mbele ya mama wa mke wangu. Nikikipata nitakuwa msema kweli aliyewahi kidogo.

Kazi ya leo. Kompyuta zina uvivu wa majina. Ukiandika "printa" tu, kompyuta yenyewe inaongeza jina la ukoo nyuma yake ili ijue ni printa ya nani. Jina hilo sisi tunaliita mkia. Mkia wa hapa ni "kiwanda". Uliwekwa na fundi aliyestaafu, mtu asiye na ndoto maishani. Ruta ndiyo huugawa mkia kwa kompyuta zinapowashwa. Leo nimeingia kwenye ruta nikaubadilisha. Mkia mpya: "mtaalamu". Yaani mimi! Printa ya mtaalamu. Stoo ya mtaalamu. Mkurugenzi akiuona, cheo kitajileta chenyewe.

Kisha nikaongeza ukarimu. Jina lolote lenye mkia wangu, hata liwe la ajabu namna gani, ruta italielekeza kwenye kompyuta yangu iliyo chini ya meza. Atakayefika hapo ataona picha yangu nikiwa na suti ya harusi, na maneno KARIBU KWA MTAALAMU. Akituma kazi ya kuchapa, kompyuta yangu itaipokea bila kuuliza. Sipendi mtu aje kwangu arudi mikono mitupu.

Nenosiri la ruta ninalo peke yangu. Nimetoka napiga mluzi.

Jumatatu, 3 Juni

Mama Mkwe alifika jana na mabegi mawili, cherehani ya mkono na maswali. Nimemwamkia, akaitikia, akauliza mapazia yana maua au hayana. Nikasema yana maua. Mke wangu alishikwa na kikohozi mpaka akatoka nje.

Kazini, raha tupu! Mchoraji wetu, bwana mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, anatumia kompyuta mpya inayoendeshwa na mfumo wa Linux, niliyomwekea wiki iliyopita. Kompyuta nyingine zote ziliandikwa mkia kwa mkono na yule mstaafu, na hazimsikilizi mtu. Hii peke yake inaisikiliza ruta. Ndiyo ya kisasa. Basi leo asubuhi Mchoraji aliandika "stoo" ili aone karatasi zilizobaki. Ikaja picha yangu. Akaandika "oda". Picha yangu. Akaandika jina la mbwa wake. Picha yangu!

Alicheka mpaka akashika meza. Wachapaji wote wakaja kutazama. Kila mmoja alitaka kuandika neno lake, na kila neno likanileta mimi. Nimemweleza Mchoraji kwamba kompyuta hukumbuka ukurasa ambao mwenyewe anaupenda zaidi, na kwamba hana haja ya kuona haya. Karani wa Stoo naye alikuja. Hakucheka. Alifuta miwani, akatazama tena, akaondoka. Wivu.

Mama Mkurugenzi alipita, akaiona, akasema suti ile ilinibana hata siku yenyewe ya harusi. Ananikumbuka!

Jioni, kikwazo kidogo. Chama cha wafuga nyuki kimeagiza lebo elfu tatu za chupa za asali, wanazichukua Ijumaa mchana. Mchoraji akatuma sampuli ichapwe. Kompyuta ikasema imechapa. Printa haikutoa hata karatasi moja. Akatuma tena. Imechapa, ikasema. Printa kimya. Nimemwambia ni Jumatatu, hata sisi hatujachangamka.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya uchunguzi. Nimevaa shati jeupe kwa ajili yake.

Saa mbili, nimebadilisha waya. Saa tatu, nimeurudisha wa kwanza, ule mpya kumbe ulikuwa wa redio. Saa nne, nimeipuliza printa kwa mdomo. Vumbi lote likanirudia machoni, Mchoraji akanikokota mpaka bombani nikiwa nimemshika bega. Saa tano, nimeizima kompyuta na kuiwasha. Mara sita. Picha yangu mara sita. Hata mimi nimeanza kuona kwamba suti inabana.

Karani wa Stoo akaja na kikombe chake cha chai, akaomba kujaribu jambo moja. Nikamruhusu, mimi si mchoyo. Akaandika jina la printa kwa ukamilifu, na ule mkia wa zamani nyuma yake. Printa ikaamka, ikatoa karatasi. Akaandika jina fupi. Kimya. Akasema kwa hiyo printa ni nzima na waya ni mzima, tatizo ni kwamba kompyuta hii inaongeza mkia usiokuwa wa hapa. Akauliza kama kuna mtu ameigusa ruta. Nikamjibu kwamba ruta ninaitunza mimi mwenyewe, kwa hiyo haiwezi kuwa na kosa. Akanywa chai.

Linux huuweka mkia kwenye faili liitwalo resolv.conf. Nimelifungua. Mstari mmoja unaonyesha pa kuulizia majina, mwingine unataja mkia: mtaalamu. Umekaa vizuri, hauna kosa! Roho imeniuma kuufuta. Lakini kazi ni kazi. Nimeandika "kiwanda" kwa mkono, kwenye kompyuta hii moja tu, mpaka wafuga nyuki wapite. Juu ya faili palikuwa na onyo kwamba lisiandikwe kwa mkono, eti yatakayoandikwa yatafutwa. Onyo hilo ni la wanaojifunza. Nimeliruka.

Printa ikachapa! Mchoraji alinikumbatia, miguu yangu ikaacha sakafu. Mama Mkurugenzi akasema afadhali. Afadhali! Kutoka kwake hiyo ni sawa na nishani.

Nyumbani Mama Mkwe aliuliza meza yangu ina droo ngapi. Nikasema tano. Mke wangu akasema jana zilikuwa nne. Nikasema wameniongezea.

Jumatano, 5 Juni

Hujuma!

Nimefika saa mbili na robo nikamkuta Mchoraji amekunja uso. Alikuwa amewasha kompyuta, akatuma lebo zote elfu tatu, printa haikushtuka. Kwa hasira akazituma tena zote elfu tatu. Vilevile. Nikafungua faili. Mkia: mtaalamu! Maandishi yangu ya jana hayapo, kana kwamba sikuwahi kuzaliwa.

Kompyuta haijibadilishi yenyewe. Kuna mkono. Na mkono huo ni wa nani? Nani alijua habari za mkia? Nani hukaa hatua kumi kutoka pale na kunywa chai bila sauti? Anataka jina langu lichafuke kabla ya Ijumaa. Nimeng'amua!

Nimeandika "kiwanda" tena, lakini Mchoraji amekataa kutuma mara ya tatu mpaka ajue zile mbili za kwanza zimekwenda wapi. Kisha nikaenda stoo kumpeleleza kwa ujanja. Nikamwuliza, kwa mbali, kama hupenda kuwahi asubuhi. Akasema hufika saa mbili kamili, kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Jibu la mtu aliyejiandaa. Kisha naye akaniuliza swali: kazi za Mchoraji zisizotoka zinakwenda wapi? Maana kompyuta inasema zimepokelewa, na kitu kikipokelewa yupo aliyekipokea. Nikacheka kwa sauti. Nimemwambia kazi iliyopotea imepotea, haendi mtu kuizika.

Mchana nikapita karibu na chumba changu cha kesho kutwa nikasikia mlio ndani. Trrr, trrr, trrr. Panya. Nikishakuwa Msimamizi nitaleta paka.

Jioni nimetega mtego. Nimemwomba Mama Mkwe uzi wake mweusi. Akauliza wa nini, nikasema ni mambo ya mtandao. Nimeufunga kutoka kiti cha Mchoraji mpaka mguu wa meza, akiketi mtu mwingine utakatika. Sakafuni nimenyunyiza unga wa chaki. Mwizi wa mkia ataacha nyayo. Usingizi leo utakuwa mtamu.

Alhamisi, 6 Juni

Saa moja na nusu nimeshafika. Uzi umekatika! Unga umekanyagwa! Nyayo ndogo, za viatu vyenye kisigino, zinatoka kwenye kiti, zinapita mlangoni, zinashika korido. Nimezifuata nimeinama, pua karibu na sakafu. Zimepita stoo bila kusimama. Zimepanda ngazi. Zimeingia ofisi ya Mama Mkurugenzi.

Nimeinua kichwa. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyeupe mpaka kifundoni, ameshika uzi wa Mama Mkwe. Aliuliza ninatafuta nini sakafuni mwake. Nikasema kifungo. Akasema amefika mapema kuandika barua kwenye kompyuta ya Mchoraji, maana ndiyo yenye nembo ya kiwanda, amebonyeza kuchapa mara tatu na hakuna kilichotoka. Kisha akauliza lini jambo hili litakwisha. Nikasema leo, Mama.

Nimekwenda kukaa chooni kutafakari. Na hapo ukweli ukanijia, mtupu. Mkurugenzi mwenyewe ndiye anayeubadilisha mkia kila asubuhi. Ni mtihani! Mtihani wa cheo! Anataka kuona nani ataweza kumshinda yeye. Ule ukali ni wa kuigiza. Nimefurahi mpaka nikajigonga kichwa kwenye kishikio cha karatasi.

Kama ni mtihani, mimi si wa kupata alama za kuvuka tu. Nimefungua faili. Nimeandika "kiwanda". Nimeifuta na mistari mingine iliyokuwa inakaa tu bila kazi, faili likawa safi. Kisha nimelifunga kwa amri maalumu, kufuli la Linux, ili asiweze kuligusa mtu yeyote wala kitu chochote. Mkurugenzi na aje sasa!

Saa nne Mchoraji aliandika "printa". Kompyuta ikasema haiijui. Akaandika jina kamili. Haiijui. Akaandika jina la mbwa. Hata picha yangu haikuja! Kumbe ule mstari mmoja niliofuta ndio uliokuwa unaiambia kompyuta pa kuulizia majina. Sasa haimjui yeyote duniani. Nikataka kuurudisha. Faili likanikatalia. Nikaingia kama mkuu wa mfumo, mwenye mamlaka yote. Likanikatalia pia. Nimelifunga vizuri mno, na amri ya kulifungua ilikuwa kwenye karatasi niliyofutia viatu chaki.

Wafuga nyuki wamepiga simu kuulizia lebo. Mchoraji amejibu kwa sauti ya mtu mgonjwa.

Karani wa Stoo akaja bila kuitwa. Akavuta kiti. Dakika mbili, nimezihesabu. Akalifungua faili, akaniambia kwa upole, kaka, faili hili halina mwizi. Ruta huiambia kompyuta mkia kila inapowashwa, na Linux huufuta ule wa mkono na kuandika wa ruta. Ndiyo maana ya lile onyo la juu. Akasema dawa ni kuirekebisha ruta, na kwamba anahitaji nenosiri. Nikasema nitalitafuta. Liko kichwani mwangu. Ni jina la mke wangu na mwaka wa harusi.

Sikumpa. Nikimpa ataona nilichofanya Jumamosi, na kesho ni Ijumaa. Nimekaa nalo kifuani siku nzima. Akaandika mkia mahali pengine kwenye Linux ambapo ruta haifiki, akamwachia Mchoraji, ingawa printa yetu ya taratibu isingeweza tena kumaliza lebo elfu tatu kufikia kesho mchana, akarudi kwenye stoo yake. Hakuniangalia hata kwa jicho la dharau. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi. Mikono bado inanata.

Saa nne Mama Mkwe alikuja kiwandani pamoja na mke wangu, amevaa gauni lake jipya la bluu. Tangazo lilipangwa saa sita. Nimempokea getini, nimemzungusha kwenye mashine, nimemwonyesha Mchoraji, nimemchelewesha kadiri nilivyoweza mbele ya birika la chai. Akasema amefurahi, sasa twende chumbani kwako, baba. Nikasema bado kinafagiliwa. Akasema yeye si mgeni, atafagia. Mke wangu ananivuta shati kwa nyuma. Mimi ninatembea. Mguu unakwenda wenyewe.

Nikatia ufunguo. Nikasukuma. Mlango haukufunguka. Nikasukuma kwa bega. Ukafunguka kidogo, kisha kitu laini kikausukuma kurudi. Mama Mkwe akaegemea pamoja nami. Tukaingia wote wawili kwa kishindo.

Lebo! Lebo mpaka magotini. Lebo za njano, zimejikunja, zimejikunjua, zimening'inia kwenye dirisha, zimepanda kiti. Na pembeni mashine yangu ya zamani, msokoto wake mkubwa wa karatasi ya njano umekwisha, inasema trrr bila kutoa kitu. Nikaanguka. Nikajaribu kuinuka nikaanguka tena, na kila nilipogusa lebo ikanishika. Kazi zote za Mchoraji za wiki nzima, zote zilikuwa zimekuja kwenye kompyuta yangu karimu, nayo ikazitupa kwenye mashine hii bila kuuliza. Kilichopokelewa, nilikuwa nimekipokea mimi.

Watu wakaja mbio. Mchoraji, wachapaji, Karani wa Stoo, na Mama Mkurugenzi mwishoni. Wote wakajazana mlangoni. Na pale upande wa ndani, usawa wa macho ya kila mtu, lebo yangu safi: MSIMAMIZI WA KOMPYUTA.

Mama Mkwe akajibandua kipande cha njano begani. Ana mazoea ya kuunganisha vipande vya nguo, akatafuta na kingine, kikawa mgongoni mwangu. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti. Cha kwanza kilisema kwamba Mkurugenzi kwa furaha anamteua Karani wa Stoo. Cha pili kilisema kuwa Msimamizi wa Kompyuta.

Barua ya Mama Mkurugenzi ya Alhamisi. Ilichapwa mara tatu kama alivyosema, kwa lebo lebo, mistari miwili miwili.

Niliona aibu. Si ile ya kujikuna kichwa na kucheka. Aibu ya kweli, masikio yanawaka, na mke wangu anatazama sakafu kwa ajili yangu. Nikasema yote hapohapo, nimeketi kwenye lebo. Nikasema ruta niliigusa mimi, mkia ni wangu, nenosiri ni hili. Nikamgeukia Mama Mkwe, nikasema sikuwahi kuwa Msimamizi, wala mapazia hayapo.

Midomo ya Mama Mkwe ikaanza kutetemeka. Nikajua analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashuka taratibu akaketi kwenye lebo karibu nami. Akasema alijua tangu ile siku ya kwanza, binti yake alimwambia kabla hata chai haijaletwa. Akasema amekuwa akipiga simu kuuliza chumba kikoje kwa sababu nilikuwa nakieleza vizuri mno, na siku nilipoongeza maua kwenye mapazia alishindwa kulala kwa kicheko. Akanishika mkono. Haukubanduka, tulikuwa tumenatana. Nampenda mama huyu! Niandike hivyohivyo: nampenda.

Mchoraji ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa ameokota mkanda mrefu wa lebo anautazama kwenye mwanga. Asali! Lebo za asali, elfu sita, hazina kasoro, isipokuwa ni za njano badala ya nyeupe. Wafuga nyuki walifika saa saba, wakazibandika kwenye chupa mbili kujaribu, wakasema njano inaitoa asali vizuri kuliko walichoagiza. Wamebeba zote, na zile za ziada. Mchoraji alimbusu mfuga nyuki mmoja kipara.

Na Mama Mkurugenzi? Alipekua kwenye rundo kwa ncha ya kiatu mpaka akapata kipande cha tatu cha barua yake. Akakibandika kifuani pangu, akakipiga kofi ili kishike, akaenda zake. Kinasema kwamba yule wa suti atakuwa msaidizi wake, ili akae karibu, kila anachofanya kionekane.

Msaidizi wa Msimamizi! Mke wangu amekisoma mara mbili. Akaniangalia, akacheka mpaka machozi, akaninyofoa lebo nyusini. Nyusi nayo ikaja.

Jumamosi, 8 Juni

Kutwa tumebanduana lebo. Mama Mkwe hutumia maji ya moto na sabuni, mke wangu hutumia nguvu. Nimekutwa na lebo ya asali nyuma ya goti, sijui ilifikaje. Mama Mkwe ameongeza wiki moja ya kukaa. Anasema kwao hakuna mambo kama haya.

Karani, yaani Bosi wangu, amekuja nyumbani kuchukua ufunguo wa chumba. Aliketi na Mama Mkwe wakazungumza cherehani saa mbili nzima. Aliniambia ameurudisha mkia kwenye ruta, ameufuta ule ukarimu wangu, na kwamba tangu sasa nikitaka kubadilisha kitu nimwambie kwanza. Nimeahidi. Nilimaanisha kabisa. Nimekaa nimefikiri sana, nimejichunguza, na nimeona kosa langu liko wapi. Niliweka picha mbaya. Ile suti.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya cheo! Nimepewa meza ndani ya chumba cha dirisha, upande wa ukutani. Bosi amebandua lebo yangu ya mlangoni, akabandika yake, ndogo.

Kisha akanipa kazi yangu ya kwanza. Kiwanda kimenunua simu mpya za mezani za kuunganisha ofisi zote. Nizijazie orodha ya namba: Mkurugenzi moja, stoo mbili, Mchoraji tatu, hivyohivyo. Akasema ni kazi ya kuandika tu, nisiguse kitu kingine. Nimemwitikia vizuri.

Lakini hizi simu zina kipengele kizuri ajabu. Mtu akipiga namba isiyopokelewa, au isiyopo, au akikosea hata tarakimu moja, simu inaweza kupelekwa kwa mtu mmoja wa kuaminika. Ni huduma kwa umma. Bosi alikuwa amekwenda stoo, sikutaka kumsumbua kwa jambo la sekunde tatu. Nimejaza namba yangu. Orodha nitaimaliza mchana, namba za wengine zisubiri, kwanza watu wazoee.

Saa nne: simu kumi na mbili. Sijawahi kutafutwa hivi maishani. Mchapaji mmoja alitaka stoo, wa pili alitaka Mchoraji, Mchoraji alitaka mtu yeyote mwingine. Nimewaitikia wote kwa sauti ya kiofisi, nimewauliza hali zao na za nyumbani.

Saa tano: ya kumi na tisa. Mama Mkurugenzi mwenyewe, anahema. Alikuwa anamtafuta Msimamizi wa Kompyuta, upesi, maana kila namba anayobonyeza inamleta mtu asiyemtaka. Nimemwambia atulie, amefika.